Haja mbali, hitaji mbali: niliyoyasikia kwenye mizani ya kahawa Runyenjes

Siku hizi imezuka kazi ambayo wazee wetu hawakuijua kwa jina, ijapokuwa, kama nitakavyoeleza, waliijua kwa vitendo. Ni kazi ya mchambuzi wa mahitaji. Ukimwuliza mwenye kazi hiyo anafanya nini, hana cha kukuonyesha. Si fundi, hajengi. Si mfanyabiashara, hauzi. Si karani, ingawa kutwa yu na kalamu mkononi. Husimama baina ya mwenye shida na fundi wa kuiondoa shida hiyo, akauliza, akasikiliza, akaandika, kisha akatazama kama kilichotengenezwa ndicho kilichohitajiwa. Chama cha kimataifa cha watu hawa kilianzishwa Toronto, Kanada, mwaka 2003, nao wana kitabu chao cha muongozo ambacho toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2015. Ni kitabu kinene kilichojaa istilahi, na kukisoma peke yako ni sawa na kusoma nahau ya Kiarabu bila ya mwalimu. Mimi mwalimu nilimpata Runyenjes.

Sisi watu wa pwani tukitajiwa Embu, la kwanza kutujia ni muguka, na ule mzozo wa mwaka 2024 ulipopigwa marufuku Mombasa na shauri likafika mahakamani. Lakini muguka ni wa upande wa Mbeere, chini kwenye joto. Runyenjes iko juu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, katika barabara itokayo Embu kwenda Chuka na Meru. Hapo kahawa ndiyo yenye enzi. Ukizidi kupanda kuelekea msitu waingia kwenye chai. Udongo ni mwekundu, na baridi ya alfajiri yake ni ya kumsahaulisha Mswahili kanzu akatafuta koti.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, ndiye aliyenichukua huko mwezi wa Novemba, wakati wa mavuno makubwa. Ushirika mmoja wa wakulima wa kahawa, ambao jina lake nalihifadhi, ulimwajiri kwa majuma sita aandike mahitaji ya mitambo ya hesabu waliyokusudia kununua. Fedha zilikwisha tengwa, nazo zilikatwa katika malipo ya wakulima wenyewe ya msimu uliotangulia. Zikipotea, hakuna wa kuzirudisha.

Kikao cha kwanza nilikihudhuria kama mgeni, nikapewa kiti cha nyuma na kikombe cha chai. Mwenyekiti, mzee wa makamo mwenye kofia ya sufi, alisema neno moja wazi: "Kijana, sisi tunataka mizani ya kompyuta inayotoa risiti, kama ya wenzetu wa chai huko juu."

Mzee hakukosea kutamani. Wakulima wa chai wa pande zile, mathalan wanaopeleka majani katika kiwanda cha Rukuriri, zamani walipimiwa kwa mizani ya kuning'inia, karani akisoma mshale na kuandika kwa kalamu, na ugomvi wa kilo ukawa haukatiki. Baadaye ikaja mizani ya umeme inayochapa karatasi papo hapo. Mpwa wangu aliyaandika maneno ya mwenyekiti kama yalivyo. Kisha akauliza:

"Kwa nini, mzee?"

"Kwa sababu watu wanalalamika juu ya malipo."

"Wanalalamika kwa nini?"

"Wanasema kilo walizolipwa si walizoleta."

"Mizani iliyopo inapima vibaya?"

Hapo katibu akaingilia. Mizani ilikaguliwa, akasema, haina ila. Tatizo ni daftari. Kilo zinapofika kwenye daftari kuu zinakuwa zimeingia kwenye namba ya mtu mwingine.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu," katibu akajibu akimtazama mwenyekiti kwa pembe ya jicho, "mara nyingi anayeleta kahawa siye mwenye namba."

Watu wakanyamaza. Mizani mpya ingepima sawa na ile ya zamani, kisha ingetoa karatasi safi yenye kupendeza, iliyoandikwa namba isiyo ya haki. Ushirika ungekuwa umenunua dhuluma yenye risiti.

Usiku nilimwuliza kijana wangu desturi hii ya kuuliza kwa nini, kwa nini, kama mtoto wa miaka mitatu, ameitoa wapi. Akaniambia imepata sifa kutoka viwanda vya magari vya Toyota, Japani, ambako Taiichi Ohno aliwafundisha watu wake kuuliza swali hilo mara tano kabla ya kugusa mashine iliyoharibika. Kisha akanipa somo la kwanza, na ndilo lililobeba mengine yote.

"Mjomba," alisema, "haja ni moja, hitaji ni jingine, na utatuzi ni wa tatu. Mwenyekiti amenipa utatuzi. Kazi yangu ni kurudi nyuma hadi kwenye haja."

Kiswahili chetu kimekuwa na hazina hii siku zote, sisi tukiitumia bila ya kuitazama. Haja na hitaji ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu, lakini katika kazi hii wametenganishwa. Haja ni ule upungufu wenyewe, shida au nafasi inayomfanya mtu ainuke atafute: mkulima alipwe kwa alicholeta. Hitaji ni ile haja ikishaandikwa kwa namna ambayo fundi anaweza kuitumia. Utatuzi ni kile kitakachonunuliwa au kujengwa: mizani, programu, au pengine daftari jipya tu na karani mmoja zaidi. Takwa, nalo, ni analolisema mtu kinywani, na aghalabu huwa ni utatuzi uliovaa nguo za haja. Wachambuzi huongeza hapo mageuzi, thamani, mazingira na mdau, wakasema kila kazi yao huzunguka mambo haya sita: mageuzi, haja, utatuzi, mdau, thamani na mazingira. Mengine yanajieleza. Mdau hapana budi nimweleze.

Neno hili wengi hulinasibisha na dau la mchezo wa kamari, yaani mtu aliyeweka fedha mezani. Mimi, kwa heshima ya wasomaji wa ukurasa huu, napenda kulifikiria dau la baharini: mdau ni kila ambaye chombo kikizama atalowa. Katika kikao kile walikaa wanaume tisa. Asubuhi ya pili mpwa wangu alikwenda kiwandani, pale kahawa mbivu inapopimwa na kumenywa, akaketi kando ya foleni tangu saa tatu. Katika foleni wengi walikuwa wanawake. Wao ndio waliochuma, wao ndio waliobeba, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa kikaoni. Uanachama wa vyama vya kahawa, huko kama kwingineko nchini, kwa sehemu kubwa umeandikwa majina ya wanaume, kwa kuwa shamba liko kwa jina la mwanamume.

Pale pale likazuka jambo la debe. Mama mmoja alisema ameleta madebe matatu. Karani akaandika kilo. Kibarua wa kuchuma hulipwa kwa debe, mkulima hulipwa kwa kilo, na debe lenyewe kuna lililosawazishwa na kuna lililofurishwa mpaka linamwagika. Mpwa wangu akafungua ukurasa mpya wa daftari lake na kuanza faharasa, yaani orodha ambamo kila neno linapewa maana moja tu, na wote wakakubaliana kwamba ndiyo. Msomaji usicheke. Sisi wenyewe kila Ramadhani ikielekea ukingoni twaulizana pishi ya zaka ya fitri ni kilo ngapi, na huyu ana yake na yule ana yake.

Katika foleni ile alikuwako mjane. Mumewe alifariki miaka miwili nyuma. Namba ya ushirika bado ni ya marehemu, na fedha zinaingia katika akaunti ambayo benki haimruhusu kuigusa. Amekwenda ofisini mara nyingi, akaambiwa asubiri. "Nachuma mimi, nabeba mimi," alisema, wala hakupandisha sauti, "lakini kwenye daftari bado anauza marehemu." Ana watoto wawili shuleni.

Mpwa wangu hakumwahidi kitu. Aliandika: hitaji la 14. Mbele yake akaandika nani kalisema, siku gani, mahali gani, na limetokana na haja ipi. Nikaona kwamba kila hitaji katika daftari lake limeandikwa hivyo hivyo. Nilipomwuliza faida ya taabu yote hiyo, akasema siku mtu atakapotaka kulifuta hitaji, itajulikana ni nani anayefutiwa. Na siku fundi atakapoleta kitu ambacho hakikuombwa, itaulizwa kimetoka wapi. Wao huliita jambo hili kwa jina refu, ufuatiliaji wa asili ya hitaji. Mimi niliyesoma chuoni nikiwa mdogo nikaliona ni sanad. Maneno yasiyo na sanad huweza kuwa mazuri sana, lakini mwanachuoni atakuuliza kwanza: umeyapokea kwa nani?

Hapa ndipo niliposema kwamba wazee wetu waliijua kazi hii kwa vitendo. Wasomi wa fikihi wana mlango wa biashara ya salam, ambayo isichanganywe na salamu tunazopeana njiani. Ni kulipa leo kwa bidhaa itakayoletwa baadaye. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume s.a.w. alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla ya mavuno. Hakuwakataza, ila aliwataka kipimo kijulikane, uzani ujulikane, na muda ujulikane. Kuhusu kuagiza kitu kitengenezwe, Mahanafi wakauwekea mkataba huo mlango wake maalumu, sisi Mashafii tukaurudisha kwenye masharti ya salam. Vyovyote iwavyo, kinachokataliwa ni kuuziana kisichojulikana, kwa kuwa humo ndimo mnamozaliwa ugomvi.

Sasa linganisha na mambo ya mitambo. Katika rasimu ya kwanza ya ushirika, iliyoandikwa kabla ya mpwa wangu kufika, kulikuwa na mstari usemao kwamba mtambo uwe mzuri, wa haraka na rahisi kutumia. Fundi gani atakayeshindwa kuapa kwamba wake ni mzuri? Kijana akaufuta, akaandika kwamba mleta kahawa apewe risiti kabla hajaondoka mizanini, nayo ionyeshe tarehe, kilo, namba ya mwanachama na jina la aliyeleta. Hilo lina kipimo. Siku ya kukabidhiana utasimama pale mizanini na kutazama: ama risiti ina mambo hayo, ama haina. Hicho huitwa kigezo cha kukubali.

Kwamba mwombaji huenda asiijue haja ya watu wake mpaka aende akawatazame, si jambo la Runyenjes pekee. Limewapata wakubwa kuliko ushirika wa kahawa. Chukua M-PESA, ambayo leo hakuna kibanda cha kijiji kisicho nayo. Waliobuni kazi ile, Nick Hughes na Susie Lonie wa kampuni ya Vodafone, hawakuanza na nia ya watu kutumiana pesa. Kwa msaada wa serikali ya Uingereza walianza na haja nyingine: wakopaji wadogo wadogo wapokee na kulipa mikopo yao kwa simu, bila ya kubeba fedha taslimu. Majaribio yalianza Oktoba 2005 pamoja na Safaricom na shirika la mikopo la Faulu, katika sehemu za Nairobi na Thika, mji ulio kwenye njia hiyo hiyo ya kupandia Embu. Wateja hawakufika 500.

Waliwapa watu simu, kisha wakafanya jambo la maana kuliko yote: waliwatazama. Wakaona watu hawafanyi waliyotarajiwa kufanya. Mmoja anamlipia mwenzake deni lake, naye humrudishia kwa njia nyingine. Mwingine anawatumia jamaa walio mbali muda wa maongezi. Mwingine anaweka fedha hapa, akasafiri, akazichukua afikako asije akaporwa njiani. Upande wa mikopo, kwa upande wake, ulikuwa mgumu kuuoanisha na vikundi na mahesabu ya Faulu. Wangeweza kushikilia karatasi yao ya kwanza. Waliiacha. M-PESA ilipotolewa kwa watu wote Machi 2007 ilikuwa ni huduma ya kutuma pesa nyumbani, na haukupita mwaka wateja wakazidi milioni moja. Na nyumbani ndiko huko: Runyenjes, Chuka, Mpeketoni, Kwale, popote penye mama anayengoja.

Kinyume chake pia tunacho, nacho ni kichungu zaidi. Katika uchaguzi mkuu wa Machi 2013 vituo vya kupigia kura vilipelekewa mashine za kuwatambua wapiga kura kwa alama za vidole. Lakini vituo vingi ni madarasa ya shule za msingi, na madarasa mengi hayakuwa na mahali pa kuchomeka waya. Betri zikaisha mchana, watu wakarudi kwenye daftari la karatasi. Wachambuzi hutenganisha kitu kinafanya nini na kitafanya katika hali gani. Kutambua vidole ni la kwanza. Kudumu mchana kutwa pasipo umeme ni la pili, na la pili ndilo husahauliwa, kwa sababu mtu anayeandika mahitaji huwa ameketi karibu na soketi. Mpwa wangu aliandika mvua ya Novemba, umeme unaokatika, na vidole vya wachumaji vyenye utomvu na ngozi iliyochunika, ambavyo huenda mashine isivisome. Kwa hili la vidole wazee walitikisa vichwa kwa kukubali kabla hajamaliza.

Kuna jozi nyingine ya maneno ambayo watu wa kazi hii huichezea sana, uhakiki na uthibitishaji, nayo yaelezwa upesi kwa fundi cherehani. Ukimwagiza kanzu ya inchi 56 akakushonea ya inchi 56, huo ni uhakiki: amefuata ulichosema. Ukiivaa ikaburura chini, basi kazi imefanywa sawasawa juu ya kipimo kisichokufaa, na uthibitishaji umeanguka. Kuhusu dhana, yaani yale mnayoyachukua kuwa kweli bila ya kuyachunguza, sina haja ya kuwaeleza Waislamu, tumekwisha onywa.

Juma la mwisho wa ziara yangu lilikuwa la kupanga. Kufikia hapo mahitaji yalikuwa 30, na wajumbe walikwisha ongeza ya kwao: mmoja alitaka mtambo ugawe mbolea, mwingine utoe mikopo, wa tatu ulipe karo za shule. Hii ndiyo inayoitwa mipaka ya kazi, na kutambaa kwake. Mtu huanza na chumba na sebule, jirani akapendekeza baraza, shemeji akapendekeza ghorofa, na saruji ni ile ile. Mpwa wangu hakumkatalia mtu. Alitumia mpango alioubuni Dai Clegg wa kampuni ya Oracle mwaka 1994, ambao herufi zake za Kiingereza zikisomwa pamoja zinasikika kama jina la mji mkuu wa Urusi: kuna la lazima, kuna linalopasa kuwako, kuna la ikiwezekana, na kuna lisilo la safari hii. Mbolea, mikopo na karo zikaenda kwenye safari nyingine.

Hitaji la 14 likazua mjadala wa saa nzima. Wajumbe watatu walisema hayo ni mambo ya mirathi, yako nje ya mipaka, na mtambo hauwezi kumrithisha mtu. Kusema kweli walikuwa na hoja. Ushirika hauna mamlaka ya kugawa mali ya marehemu. Hiyo ni kazi ya mahakama, na hicho ni kizuizi kisichovunjwa kwa kupiga kura. Kijana akaomba ruhusa ya kulipasua hitaji vipande vitatu. La kwanza, jina la anayeleta kahawa liandikwe kando ya jina la mwenye namba. La pili, kila mwanachama aandikishe mteule wake, kama sheria ya vyama vya ushirika inavyomruhusu, ili akifa pasiwe na kitendawili. La tatu, umiliki wa namba ya marehemu, libaki mahakamani. Mwenyekiti alikaa kimya kitambo. Kisha akasema la kwanza ni lazima. La pili likapata daraja ya linalopasa kuwako, kwa kura sita dhidi ya tatu. Wakatia saini, na kuanzia saini hiyo karatasi ile ikawa msingi: mwenye kutaka kubadili neno atalileta kwa maandishi, aseme kwa nini, na gharama yake nani ataibeba.

Mimi, ningepewa kura, hilo la mteule ningelitia katika lazima.

Siku ya kuondoka tulipita kiwandani kuaga. Mjane alikuwa kwenye foleni na gunia lake. Mpwa wangu alimweleza yote matatu, na la tatu hakumficha: hati ya urithi bado itamlazimu kuifuata mahakamani, pale pale Runyenjes, na kulipwa bado. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo risiti itakuwa na jina langu?"

"Itakuwa nalo, mama. Chini ya la marehemu."

"Basi liandikwe kwa herufi kubwa. Macho yangu hayaoni vizuri."

Gari lilikuwa linapiga honi. Kijana akatoa daftari, akaandika namba 31, jina la aliyesema, tarehe, na mahali.